Mitandao ya Neva ya Gharama Nafuu na Uaminifu Wake Shambani

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa viongozi wa mkoa na halmashauri, maofisa ugani, walimu wa sayansi na hisabati, wakulima mliotoka Kasulu, Uvinza na Buhigwe, na ninyi wanafunzi mlioketi nyuma, ambao kwa kweli ndio ninaokusudia kusema nao zaidi, nawashukuru kwa kunialika Kigoma.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuifanya mitandao ya neva, yaani programu za kompyuta zinazojifunza kwa mifano, ifunzwe kwa gharama ndogo, na namna ya kuifanya iaminike. Mara nyingi mambo haya hupewa wazungumzaji wawili: mhandisi huja kueleza jinsi ya kupunguza umeme na muda wa kompyuta, kisha mtu wa maadili hupanda jukwaani kueleza haki na usalama. Mimi nitayasema kama jambo moja. Watu wanaoutumia mtandao bila kuwa na uwezo wa kuufunza upya, wala wa kuupima kwa data yao wenyewe, hawana njia ya kujua kama unastahili kuaminiwa. Na zipo njia za kubana gharama ambazo huuharibu uaminifu huo mahali ambapo mpimaji mwenye haraka hawezi kupaona. Mfano wangu utakuwa muhogo, kwa kuwa hakuna aliyemo ukumbini humu asiyeufahamu, na kwa kuwa ni zao ambalo watafiti wa fani hii wamelishughulikia kwa kina hapa Afrika Mashariki.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Mtandao wa neva ni mfuatano wa hesabu za kuzidisha na kujumlisha zilizopangwa tabaka kwa tabaka, na ndani yake mna namba nyingi zinazoitwa namba za uzito. Picha ya jani ikiingizwa hugeuzwa kuwa namba za pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha, namba hizo hupita kila tabaka, na mwishoni hutoka jibu, tuseme "batobato, asilimia 80", batobato ukiwa ni ugonjwa wa muhogo. Kama jani lilikuwa zima, tofauti kati ya jibu na ukweli hupimwa, kisha hesabu hurudi nyuma kutoka tabaka la mwisho hadi la kwanza ili ijulikane kila namba imechangia kosa kwa kiasi gani, na kila namba husogezwa kidogo sana kuelekea upande unaolipunguza kosa hilo. Njia hii ilipata umaarufu kupitia makala ya David Rumelhart, Geoffrey Hinton na Ronald Williams iliyotoka katika jarida la Nature mwaka 1986. Hatua yenyewe ni ileile hadi leo. Kilichobadilika ni wingi wa namba na mara ambazo hatua hiyo inarudiwa.

Na wingi huo ndio unaokula umeme. Mwaka 2012 Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Hinton walifunza mtandao wenye namba za uzito milioni 60 hivi kwa picha milioni 1.2, wakitumia kadi mbili za grafiki za aina wanayonunua wacheza michezo ya kompyuta, na kazi ikawachukua siku tano hadi sita. Miaka minane baadaye, modeli ya lugha ya GPT-3, yaani mtandao unaotunga maandishi, ilikuwa na namba bilioni 175, na makadirio yaliyotolewa mwaka 2021 na David Patterson na wenzake yanasema mafunzo yake yalitumia umeme wa megawati-saa 1,287. Mkoa huu uliendeshwa kwa majenereta ya dizeli kwa miaka mingi kabla ya kufikiwa na Gridi ya Taifa, kwa hiyo sina haja ya kuwaeleza watu wa Kigoma kwamba umeme ni kitu cha kuhesabiwa. Lakini madhara ya gharama hiyo hayaishii kwenye bili. Kazi ikiwa ghali kiasi hicho hufanywa mara moja, hufanywa na wachache, hufanywa mbali, na wengine wote hupokea kilichokwisha kuamuliwa. Anayepokea hana uwezo wa kusema: picha hizi ziliandikwa majina yasiyo sahihi, ziondoeni, funzeni tena, tuone jibu litakuwaje.

Ndiyo maana naanza na njia ambayo kwangu ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote kwa watu wa mahali kama hapa, nayo ni kuanzia palipoishia kazi ya wengine. Mwaka 2017 Amanda Ramcharan na wenzake walichapisha kazi waliyoifanya kwa picha za mihogo zilizopigwa mashambani hapa Tanzania. Picha zao za majani kamili hazikufika 3,000, idadi ambayo ni ndogo mno kwa kuufunza mtandao mkubwa kuanzia mwanzo. Walichofanya ni kuuchukua mtandao uliokwisha kufunzwa kwa picha za vitu vya kila namna visivyohusiana na muhogo, na kuifunza upya sehemu yake ya mwisho tu. Jambo hili linawezekana kwa sababu tabaka za mwanzo za mtandao kama huo hujifunza kutambua mambo ya jumla, kama vile kingo, rangi na mpangilio wa madoa, na ujuzi huo unafaa kwa jani la muhogo kama unavyofaa kwa gari au kikombe. Kwa picha ambazo mtandao haukuwahi kuziona, walipata usahihi wa jumla wa asilimia 93. Mafunzo ya namna hii yanaweza kufanyika kwenye kompyuta moja ya kawaida yenye kadi nzuri ya grafiki, katika chumba chochote chenye umeme usiokatika kwa saa chache.

Wazo hilohilo limefika hata kwenye modeli za lugha. Mwaka 2021 Edward Hu na wenzake walionyesha kwamba unaweza kuziacha namba zote kubwa zikae zilivyo na kuziwekea ubavuni majedwali madogo ya namba, ukafunza hayo tu; kwa GPT-3, namba za kufunzwa zilipungua mara 10,000. Miaka miwili baadaye kundi la Tim Dettmers lilifanikiwa kuifunza kwa namna hiyo modeli yenye namba bilioni 65 kwenye kadi moja yenye kumbukumbu ya gigabaiti 48. Mwalimu anayetamani kuiona modeli ya lugha ikielewa Kiha aanzie hapo, asisubiri kituo kikubwa cha kompyuta kijengwe kwanza.

Njia ya pili nataka niikaribie zaidi, kwa kuwa inafundisha jinsi ubanaji mzuri unavyofanywa. Kwa kawaida kila namba ya mtandao huandikwa kwa biti 32, yaani nafasi 32 za sifuri au moja. Ukiiandika kwa biti 16, nafasi inayochukuliwa hupungua kwa nusu, na kadi za kisasa hupiga hesabu hizo kwa kasi kubwa zaidi. Tatizo ni kwamba masahihisho yanayorudi nyuma katika mafunzo ni madogo mno, na namba ndogo kabisa inayoweza kuandikwa katika muundo wa kawaida wa biti 16 ni takriban sita kwa milioni 100. Sahihisho lililo dogo zaidi ya hapo hugeuka sifuri. Namba iliyopaswa kusogea haisogei, mafunzo yanaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, na kompyuta haitoi onyo lolote. Mwaka 2017 Paulius Micikevicius na wenzake walieleza dawa yake: kabla ya kuanza safari ya kurudi nyuma, zidisha kosa kwa namba kubwa, tuseme 1,024, ili masahihisho yote yapande juu ya mpaka ule, yakishahesabiwa, yagawanye kwa namba ileile, kisha usogeze nakala kuu ya namba za uzito, ambayo unaendelea kuitunza kwa biti 32. Huu ndio ubanaji ninaoupenda. Waliobana walijua hasa kitakachopotea na kitapotelea wapi, wakaweka ulinzi mahali hapo.

Ipo mbinu nyingine ya kuweka akiba ya kumbukumbu, ya kusahau matokeo ya tabaka za kati na kuyakokotoa upya yanapohitajika, nayo hugharimu muda kidogo bila kuigusa hesabu yenyewe. Sitaifafanua zaidi kwa sababu haina hatari.

Yenye hatari ni hii ya kupogoa. Tangu Yann LeCun na wenzake walipochapisha kazi yao mwaka 1990, inajulikana kwamba mtandao ukishafunzwa, namba zake nyingi zinaweza kuondolewa bila usahihi wa jumla kushuka sana. Mwaka 2019 Jonathan Frankle na Michael Carbin walikwenda mbali zaidi: walionyesha kwamba ndani ya baadhi ya mitandao mikubwa mna mitandao midogo, isiyofikia hata sehemu ya tano ya ukubwa wa mwanzo, ambayo ikirudishwa kwenye namba zake za kuanzia na kufunzwa peke yake hufikia usahihi uleule. Matokeo hayo yanavutia sana, ijapokuwa kuupata mtandao huo mdogo kulihitaji kwanza kuufunza ule mkubwa, hivyo akiba iko kwenye matumizi zaidi kuliko kwenye mafunzo. Na kwa matumizi ya simu ya mkulima, akiba hiyo inatakiwa sana, maana simu nyingi za vijijini zina kumbukumbu ndogo, na programu inatakiwa ifanye kazi mahali pasipo na intaneti.

Sasa sikilizeni kilichogunduliwa na Sara Hooker na wenzake katika kazi waliyoanza kuitoa mwaka 2019. Walipogoa mitandao ya kutambua picha, wakakuta kwamba usahihi wa jumla ulibaki karibu palepale, kisha wakauliza swali ambalo wengine hawakuliuliza: makosa machache yaliyoongezeka yamemwangukia nani? Jibu likawa kwamba hayakugawanyika sawa. Yaliangukia picha chache za aina adimu, zile zilizo nje ya mazoea, zile ambazo hata mtandao mkubwa ulizitambua kwa shida. Walimu mliopo hapa mnalielewa hili bila maelezo marefu: wastani wa darasa unaweza kubaki asilimia 70 mwaka hadi mwaka huku watoto watatu waliokuwa wakijikongoja wakiwa wameacha kabisa kuelewa, kwa sababu wengine wamepanda kidogo wakaziba pengo lao.

Tuliweke jambo hilo kwenye muhogo. Ipo hazina ya picha zaidi ya 21,000 za majani ya muhogo iliyokusanywa Uganda na kuandaliwa na wataalamu wa huko, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ikatumiwa kwenye shindano la kimataifa lililoanza mwaka 2020. Ni kazi ya kuheshimiwa. Ndani yake, picha zaidi ya 13,000 ni za batobato, na za ugonjwa wa bakteria zinazidi 1,000 kwa kiasi kidogo tu. Maana yake ni kwamba programu isiyojua lolote, inayojibu "batobato" kwa kila jani, itapata zaidi ya asilimia 60. Mtandao uliofunzwa kwa picha hizo ukapogolewa ili uingie kwenye simu unaweza kuendelea kutamba kwa usahihi wake wa jumla huku ukiwa umekwisha kuusahau ugonjwa ambao mkulima wa kijiji fulani ndio anaokabiliana nao. Kwa hiyo kila anayewaletea modeli iliyofanywa ndogo na nyepesi, mwombeni awaonyeshe usahihi wa kila ugonjwa peke yake, kabla na baada ya kupogoa. Akiwa na namba moja tu ya jumla, kazi yake haijakamilika.

Tena hata namba nzuri kwa kila ugonjwa hazitoshi, kwa kuwa inategemea picha za kupimia zilitoka wapi. Mwaka 2016 Sharada Mohanty, David Hughes na Marcel Salathé walifunza mtandao kwa picha 54,306 za majani ya mazao 14, wakapata usahihi wa asilimia 99.35. Walipoupima kwa picha zilizopigwa katika mazingira tofauti, usahihi ulishuka hadi asilimia 31 hivi, na kwa uungwana wa kisayansi walisema hivyo waziwazi katika makala yaleyale. Miaka sita baadaye mtafiti mwingine alizichunguza picha hizo, za hazina iitwayo PlantVillage, kwa namna ambayo ningependa kila mwanafunzi hapa aikumbuke. Alichukua pikseli nane tu kutoka kila picha, zote za nyuma ya jani, yaani za meza au karatasi ambayo jani liliwekwa juu yake, akazifunzia modeli ndogo. Modeli hiyo, ambayo haikuona jani lenyewe hata kidogo, ilitaja zao na ugonjwa kwa usahihi wa asilimia 49, wakati kubahatisha kungeleta asilimia 2.6. Majani ya ugonjwa mmoja yalipigwa picha mahali pamoja, kwa mwanga mmoja, na mtandao ulikuwa umepewa njia ya kuisoma meza badala ya kuusoma mmea.

Kutokana na hilo, upimaji wetu lazima utenganishwe kwa mashamba. Picha za shamba moja zikigawanywa, nyingine zikaenda kwenye mafunzo na nyingine kwenye mtihani, mtandao unakuwa umeshaliona shina lile, udongo ule na kivuli cha mpiga picha yule, na alama zake zitakuwa za juu bila haki. Shamba zima liwe upande mmoja tu. Vivyo hivyo kwa simu: picha za mtihani zipigwe kwa simu za aina ambazo hazikutumika kwenye mafunzo, zikiwamo zile za bei ya chini zenye kamera hafifu, kwa sababu ndizo zitakazotumika.

Nije kwenye suala la mtandao kusema "nina uhakika". Mwaka 2017 Chuan Guo na wenzake walionyesha kwamba mitandao ya kisasa, pamoja na kuwa sahihi zaidi kuliko ile ya miaka ya 1990, ina tabia ya kujiamini kupita kiasi: katika majibu inayoyatoa kwa uhakika wa asilimia 90, yaliyo sahihi huwa machache kuliko 90 kwa kila 100. Dawa waliyoipendekeza ni nafuu ajabu. Kabla alama za tabaka la mwisho hazijageuzwa kuwa asilimia, zigawanye zote kwa namba moja, na namba hiyo itafutwe kwa kutumia picha kadhaa zilizotengwa. Jibu la kwanza halibadiliki. Kinachobadilika ni kiwango cha uhakika kinachoandikwa mbele yake. Kompyuta mpakato inaimaliza kazi hiyo upesi, na sioni sababu ya programu yoyote ya kilimo kutolewa kwa umma bila kufanyiwa hivyo.

Hata hivyo marekebisho hayo hulegea picha za shamba zinapotofautiana na zile zilizotumika kurekebishia. Jambo hili lilithibitishwa mwaka 2019 na Yaniv Ovadia na wenzake, ambao pia waliona kwamba njia iliyostahimili vizuri zaidi ni kufunza mitandao kadhaa inayoanzia kwenye namba tofauti na kuichanganya majibu yake. Hapa ndipo akiba ya gharama inapogeuka kuwa uaminifu. Anayefunza kila kitu kuanzia mwanzo hana uwezo wa kuifanya kazi hiyo mara tano. Anayefunza sehemu ya mwisho tu anaweza, na pale ambapo mitandao mitano haikubaliani kuhusu jani moja, programu haipaswi kuchagua mshindi. Imwambie mkulima amwite ofisa ugani.

Maofisa ugani, msidhani nawatwisha kazi kwa kuwa mashine imeshindwa. Tathmini ya programu ya Nuru, inayofanya kazi kwenye simu bila intaneti, ilichapishwa mwaka 2020, nayo ilionyesha kwamba katika kutambua dalili za magonjwa ya muhogo Nuru ilipata asilimia 65, maofisa ugani kati ya 40 na 58, na wakulima kati ya 18 na 31. Siyataji haya kwa lawama, kwa maana magonjwa haya ni magumu kwa kila mtu. Ninayataja kwa sababu ya matokeo mengine yaliyomo humohumo: programu ileile ilipopewa majani sita ya mmea mmoja badala ya moja, usahihi ulipanda hadi kati ya asilimia 74 na 88. Hakuna umeme ulioongezwa katika mafunzo, wala namba mpya za uzito. Aliyeishika simu alichukua dakika chache zaidi shambani. Yeyote atakayewafundisha wakulima kuitumia programu ya namna hii, awafundishe pia kuangalia majani ya juu na ya chini, kwa sababu batobato hujionyesha vizuri kwenye majani machanga yaliyojikunja na kuwa na mabaka ya njano, ilhali ugonjwa wa michirizi ya kahawia huonekana zaidi kwenye majani yaliyokomaa ya chini, kama umanjano unaofuata vishipa vya jani, na ni rahisi kuudhania kuwa uzee wa kawaida.

Mwisho ni ombi, nalo linahusu mtihani wetu wenyewe. Natamani mkoa huu uwe na hazina yake ya picha za kupimia, isiyotolewa kwa mtu yeyote kwa ajili ya kufunzia, ili kila modeli inayoletwa Kigoma ipimwe hapa kwanza. Haihitaji kuwa kubwa. Picha mia kadhaa kwa kila ugonjwa, kutoka kila wilaya, za masika na za kiangazi, zinatosha kuufichua mtandao unaosoma meza. Kinachohitajika zaidi ni ukweli wa majina yatakayoandikwa juu ya picha hizo. Makosa mawili ya mtandao hayana uzito sawa: ukiuita mmea mzima mgonjwa, mkulima ameng'oa shina moja bure, lakini ukiuita mmea mgonjwa mzima, pingili zake zitakatwa, zitapewa jirani, na ugonjwa utahamia shamba la pili hata kabla inzi weupe hawajaufikisha. Na kwa michirizi ya kahawia jani peke yake halimalizi shauri, kwa kuwa mmea unaweza kuwa na majani yanayoridhisha huku mizizi yake ikiwa na uozo mkavu wa kahawia ndani. Kwa hiyo kila mmea utakaopigwa picha kwa ajili ya hazina hii uwekewe kibao chenye namba, using'olewe mpaka ukomae, na siku ya kuvuna mizizi yake ikatwe vipande mbele ya ofisa ugani, hali ya kila mzizi iandikwe pamoja na namba ile, na pale inapowezekana sampuli ya jani ipelekwe maabara. Karatasi za kujiandikisha kwa shule na vikundi vya wakulima vitakavyoshiriki zipo mlangoni, na ninawaomba walimu wa sayansi wawe wa kwanza kuzichukua.